Gego la Darasa la Kwanza: Namna ya Kuingiza Meno ya Watoto kwenye Bajeti ya Zahanati ya Kijiji

Mtoto akitimiza miaka mitano, msamaha wa matibabu aliokuwa nao tangu tumboni mwa mama yake unakwisha. Akifika miaka sita, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto linachomoza gego la kwanza la kudumu. Halisukumi jino lolote wala haliachi pengo, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeliona likitoka. Mzazi anakuja kuligundua limeshatoboka, naye anakwambia bila wasiwasi: "Hilo la utoto, Mwalimu, litang'oka tu." Haling'oki. Ndilo atakalotafunia mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni, na sisi tumeliacha lioze wakati serikali imeshaacha kumtibu bure.

Nimefundisha shule ya msingi Mufindi, mkoani Iringa, kwa miaka mingi. Baada ya kustaafu, mkutano wa kijiji ukanichagua niingie kamati ya usimamizi ya zahanati. Hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa jambo hili. Hela za afya vijijini ni kidogo, kweli, lakini hata hizo kidogo hazikuwahi kugusa jino la mtoto kwa sababu hakuna aliyeliandika popote: kwenye rejista halikuwepo, kwenye mpango halikuwepo. Haya ninayoeleza yanafaa Kilolo, Makete, Wanging'ombe, Rungwe, Mbozi au Mbarali, kokote ambako zahanati ipo na mtaalamu wa meno yuko mjini.

Jua kwanza huduma iko ngazi gani

Zahanati nyingi hazina huduma ya meno. Utaikuta kwenye baadhi ya vituo vya afya, hospitali ya wilaya au ile ya shirika la dini inayofanya kazi kama ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa kwetu huku Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Watakaokufaa wewe ni wawili. Mmoja ni tabibu wa meno aliye kituo cha afya kilicho karibu. Mwingine ni daktari wa meno wa wilaya. Huyu wa pili ana umuhimu wa pekee, maana anakaa kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, ile inayomzunguka Mganga Mkuu wa Wilaya. Akiwa upande wako, nusu ya kazi imekwisha. Mtafute mapema, kabla hujaandika barua ya aina yoyote. Mwambie unataka kuhesabu watoto, mwombe ushauri. Watu wa meno hawazoei kutafutwa na kijiji bila mtu kuvimba shavu, kwa hiyo atakusikiliza.

Hela zinapita wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanakijiji wengi, na hata wenyeviti, bado wanaamini hela za zahanati zinakaa kwa Mkurugenzi na zinaombwa kwa kupiga magoti. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule ambao wafadhili na serikali wanachangia tangu 1999, zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Zahanati yenu ina akaunti. Ina mpango wake wa mwaka, ina vifungu vyake, na matumizi yanaingizwa kwenye mfumo wa kihasibu unaoitwa FFARS. Kamati ya usimamizi ipo ili kuupitia mpango huo na kuuliza maswali.

Zaidi ya hizo kuna makusanyo ya zahanati yenyewe: malipo ya papo kwa papo na fidia ya bima. Kuna mapato ya ndani ya halmashauri. Kuna mfuko wa jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake hupokea miradi iliyoibuliwa na wananchi. Huo unafaa zaidi kwa kitu cha kudumu, mfano kiti cha meno cha kituo cha afya, kuliko safari ya siku mbili. Na kuna hela ya kijiji chenyewe. Mufindi na Njombe vijiji vingi vina shamba la miti, Rungwe kuna chai na parachichi, Mbozi kuna kahawa na vyama vyake vya msingi. Mwaka kijiji kinapovuna miti, watu wanagombana kama hela iende ofisi ya kijiji au choo cha shule. Jino la mtoto linaweza kuingia kwenye ugomvi huo likapata lake.

Sharti ni moja: zahanati hailipi kitu ambacho hakimo kwenye mpango wake. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akikwambia "hakuna kifungu", hakudanganyi wala hakukatai. Anakueleza ulipochelewa.

Hesabu vinywa

Usiende kwenye kamati na huruma. Nenda na namba.

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha mwombe tabibu wa meno awafundishe walimu wawili na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa saa moja namna ya kuangalia kinywa. (Wahudumu hawa wana mpango wao wa kitaifa tangu 2024, kama kijiji chenu kimepata, mtumie.) Mnachohitaji ni benchi dirishani, tochi ya simu, kijiti safi cha kunyanyulia shavu, kimoja kwa kila mtoto, glovu, na daftari la mistari. Mtoto analaza kichwa nyuma kidogo, anafungua, unaanza na magego ya chini nyuma kabisa, kulia kisha kushoto, halafu juu. Usichokonoe. Angalia tu.

Gawa ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza ni watoto wenye maumivu, uvimbe au kijipu kwenye ufizi. Ya pili ni wenye tundu bila maumivu, na hapa andika kama tundu liko kwenye gego la kudumu au jino la utoto. Ya tatu ni wazima. Meno ya utoto ni 20. Ukiona jino la sita ukihesabu kutoka katikati ya mdomo, hilo ni la kudumu hata kama mtoto bado ni mdogo kiasi gani.

Anzeni na darasa la kwanza hadi la tatu. Najua mtatamani kupima shule nzima. Mkiweza, sawa, lakini hawa wadogo ndio ambao gego lao bado linazibika.

Jambo moja nililojifunza kwa aibu: usisome majina kwa sauti. Mwaka wa kwanza nilisema mbele ya darasa, "Wewe, kaa upande wa waliooza." Mtoto yule hakuja shule siku mbili. Tumia namba ya mahudhurio.

Jino ambalo halikuandikwa

Kikao chetu cha kwanza kilienda hivi. Nilimwambia mganga mfawidhi, kijana mpole, kwamba nataka meno yaingie kwenye mpango wa mwaka.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," akasema, "lakini wataalamu wa halmashauri wataniuliza takwimu. Rejista yangu haina wagonjwa wa meno."

"Hawaugui?"

"Hawaji. Wanajua hatuna huduma."

Mwenyekiti akacheka, kisha akanyamaza, maana na yeye alikuwa ametoka kumpeleka mjukuu wake Mafinga kung'olewa jino wiki iliyopita. Mjukuu yule hakuwahi kuingia kitabu chochote cha zahanati yetu.

Mduara huo unavunjwa hivi. Mwombe mganga aandike kila anayekuja na jino kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), kile cha wagonjwa wa nje, hata kama anampa dawa ya maumivu na rufaa tu. Kisha tangazeni kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji: mtoto mwenye jino linalouma aanzie zahanati, apewe barua ya rufaa, ndipo aende mjini. Wazazi watalalamika kwamba ni kupoteza muda. Waelezeni kwamba kila jina kwenye kitabu kile ni kura. Kwetu ilichukua miezi mitatu tu kitabu kuanza kuonyesha meno, na mganga mwenyewe ndiye aliyekuja kunionyesha ukurasa.

Kalenda, na kwa nini watu wanakosa

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu wanakuja na maombi mwezi wa nne au wa tano, wakati mipango imeshafungwa na Bunge limekaa. Rudi nyuma. Rasimu za vituo na vijiji huandaliwa kati ya Novemba na Januari, kisha zinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na timu ya afya ya halmashauri, na baraza la madiwani linapitisha bajeti yake kabla ya vikao vya Bunge la bajeti. Kwa hiyo mhesabu vinywa Agosti au Septemba. Mpeleke namba kwenye kamati ya zahanati Oktoba. Mlete jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, Novemba. Omba muhtasari wa kikao uliosainiwa, nakala mbili, moja kaa nayo nyumbani. Muhtasari una tabia ya kupotea.

Kwa Mheshimiwa diwani nenda Desemba, ukiwa na ukurasa mmoja. Narudia, mmoja. Uwe na idadi ya watoto waliopimwa, wenye maumivu, wenye tundu kwenye gego la kudumu, umbali wa kwenda kwenye huduma ya meno, na kiasi kinachoombwa. Diwani atausoma ndani ya gari akielekea kwenye kikao.

Lugha ya kwenye mpango nayo ina mitego. Ukiandika "kuboresha afya ya kinywa kwa jamii" utapata pongezi. Andika: "Huduma ya mkoba ya meno kwa wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu, siku mbili, robo ya kwanza." Mkoba maana yake wataalamu wanawafuata watoto kijijini. Hapo kuna kitendo, kuna walengwa, kuna muda, na mhasibu anaweza kukipa fedha.

Kuhusu mwezi wa kuleta huduma yenyewe: Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani ni tarehe 20 Machi, na halmashauri nyingi hufanya kitu wiki hiyo. Tatizo ni kwamba huku kwetu Machi ni kilele cha masika; barabara ya udongo mwekundu ikilowa, hata pikipiki zinasukumwa. Mwombe daktari wa wilaya aje Machi kama mko kwenye lami. Kama hamko, Agosti au Septemba ni bora: barabara imekauka, shule zimefunguliwa, na watoto hawatetemeki kwa ile baridi ya Juni na Julai.

Hesabu ya safari

Chukua karatasi. Kuziba jino moja kwa vifaa vya mkono kunachukua kama dakika 20. Kwa saa sita za kazi, mtaalamu mmoja anafanya meno 18. Wataalamu wawili kwa siku mbili ni meno 72. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Msiahidi watoto 200.

Tuseme posho, mafuta ya gari, vifaa na chai ya wataalamu vinafika shilingi 1,080,000. Gawanya kwa 72, kila jino ni 15,000. Sasa weka upande wa pili mzazi anayempeleka mtoto mjini: nauli 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, watu wawili, ni 20,000 kabla hajafungua mdomo, na siku nzima ya palizi imepotea. Mjini, foleni ikiwa ndefu, jino ambalo lingezibwa linang'olewa, maana mzazi hataki kurudi mara ya pili. Hesabu hii ndiyo iliyomshinda mjumbe mmoja wa kamati aliyekuwa anapinga. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi, na namba anazielewa kuliko mimi.

Hiyo 1,080,000 msiitafute sehemu moja. Mfano: kifungu cha zahanati 400,000, halmashauri kwa njia ya gari na posho 436,000, kijiji kutoka mauzo ya miti 100,000, na wazazi 2,000 kwa kila mtoto anayezibwa, yaani 144,000. Bei zenu zitakuwa tofauti, badilisheni. Hela ya wazazi ipitie kwenye akaunti kwa kontroli namba au ikatiwe stakabadhi halali, isikusanywe na mwalimu kwenye bahasha. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa bahasha. Wala hakuna aliyeiba. Hesabu ilipungua tu, na watu wakaanza kutazamana. Familia zisizo na uwezo kamati iziorodheshe kimya kimya na mtendaji wa kijiji, mtoto wao ahudumiwe bila 2,000.

Vifaa na siku yenyewe

Watu wakisikia "daktari wa meno" wanaona kiti kinachoinuka na mashine inayolia. Kuna njia isiyohitaji umeme wala maji ya bomba, na kwa kweli ilianza hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi ya daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Wataalamu wanaiita ART. Ukimwambia tabibu "kuziba kwa vifaa vya mkono" atakuelewa.

Niliikalia karibu siku nzima, nimeshika tochi. Mtoto analala chali juu ya meza mbili za darasani zilizounganishwa, chini ya kichwa kitenge kilichokunjwa. Tabibu anakaa kwenye stuli nyuma ya kichwa chake. Anakausha gego kwa pamba, anapanua mdomo wa tundu kwa kipatasi kidogo cha chuma, kisha anakwangua kwa kijiko kidogo kuliko mbegu ya ulezi. Kinachotoka ni kama ugoro uliolowa. Anakwangua mpaka chombo kilie kwenye sehemu ngumu. Msaidizi anachanganya unga na majimaji kwenye kikaratasi, haraka, kama anayepiga uji mzito, tabibu anajaza tundu, anapaka vaseline kidoleni na kukandamiza, na saruji ile inaingia mpaka kwenye mifereji ya juu ya gego ambayo bado haijatoboka. Mtoto anang'ata karatasi ya rangi kuona kama saruji imezidi, inapunguzwa. Asile kwa saa moja. Basi. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na kwa kuwa hakuna mlio wa mashine, anayesubiri nje hasikii kitu cha kumtisha.

Saruji ile, glasi ayonoma, hutoa floraidi kidogo kidogo kwenye jino. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Ukiwa na mfamasia anayekwambia vifaa vya meno ni anasa, mtajie hilo. Maagizo yanaanzia Bohari ya Dawa, MSD, yenye kanda zake Iringa na Mbeya. Ikikosekana huko, halmashauri inaweza kununua kwa mshitiri wake, yaani muuzaji binafsi iliyeingia naye mkataba. Agizeni miezi mitatu kabla, na angalieni tarehe ya kuisha muda. Sisi mara ya kwanza tulipokea boksi lenye wiki tano zilizobaki.

Siku hiyo hakikisheni haya: kila mzazi amesaini ridhaa siku tatu kabla; kila mtoto amekunywa uji, maana mwenye njaa ndiye anayezimia; na mashine ya kutakasia vyombo ya zahanati iko tayari, kwa sababu seti za vifaa zikiisha kabla ya zile za mwanzo kutakaswa, kazi inasimama na wataalamu wanakunywa chai. Wa kwanza kupanda mezani awe mtoto jasiri anayejulikana. Atatoka akicheka, na foleni itajipanga yenyewe. Wale wa sehemu ya kwanza ya daftari, wenye uvimbe na usaha, wasisubiri siku ya mkoba. Wapewe rufaa siku ileile walipoonekana.

Meno ya nailoni

Hili halina bajeti, lakini linaharibu meno mengi na linaua watoto. Mtoto mchanga wa miezi minne au mitano anaharisha, ana homa, analia. Bibi anafungua mdomo, anaona mahali pa chonge pamevimba na kuwa peupe, anasema ni meno ya nailoni, wengine wanaita ya plastiki. Anapelekwa kwa mtu anayeyachimbua, kwa sindano, kwa spoku ya baiskeli, kwa kisu. Kile kilichochimbuliwa ni jino la kawaida la utoto lililokuwa bado laini, na mara nyingi chini yake chipukizi la jino la kudumu limejeruhiwa pia. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi ya damu, huku kilichokuwa kinamwumiza, malaria au kuharisha, hakijatibiwa.

Msimgombeze bibi. Yeye aliona mtoto anaugua na akaona kitu kinywani, akaunganisha. Mahali pa kuzungumza naye ni siku ya kliniki, hasa chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa, na ule mwezi wa matone ya vitamini A wa Juni na Desemba, ambapo akina mama na bibi wote wapo. Muuguzi amshike mtoto mmoja mzima, anyanyue mdomo, aonyeshe kivimbe cha chonge kinavyokuwa kwa mtoto asiyeumwa chochote. Kuona kwa macho kunafanya kazi kuliko bango. Kwa anayeharisha: maji ya chumvichumvi ya ORS, zinki, na zahanati.

Bima

Kwa ufupi, kwa kuwa mambo haya yanabadilika. Chini ya miaka mitano matibabu ni bure kwenye vituo vya serikali kwa mujibu wa sera. Baada ya hapo ni fedha taslimu au bima. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoenea nchini kuanzia 2018, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja kupanga upya uwanja mzima. Kwa hiyo kabla hamjachanga, tumeni mtu mmoja ofisi ya mkoa ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akaulize maswali manne na aandike majibu: kaya inalipa kiasi gani mwaka huu, je kuziba jino kumo au kung'oa tu, vituo gani vya karibu vinapokea, na rufaa inaanzia wapi. Swali la pili ndilo watu wanalosahau. Familia ya wakulima ilipe wakati wa mavuno, kuanzia Juni, siyo Januari wakati ghala limebaki na makapi na ada za shule zinadai.

Nyumbani

Dawa ya meno iwe na floraidi. Soma kipimo chake kwenye boksi, ppm 1,000 hadi 1,500. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Mara mbili kwa siku, ya usiku ndiyo muhimu zaidi, na ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti unafaa, ila upakwe dawa ya meno na ufike kule nyuma lilipo gego. Kila mtoto na wake; mswaki mmoja kwa watoto wanne nimeuona zaidi ya mara moja.

Kuhusu utamu, mzazi analaumu pipi, na pipi zina makosa yake. Lakini huku kwetu kuna kitu hatukisemi: ulanzi mbichi, ule utomvu mtamu wa mianzi. Masika yote watoto wanatumwa kuteremsha mbeta, vyombo vya kukingia ulanzi, na ule mtamu wa asubuhi wanaunywa njiani mpaka nyumbani, kidogo kidogo. Sukari inayokunywewa kidogo kidogo siku nzima ndiyo inayotoboa jino. Vivyo hivyo barafu za plastiki zinazouzwa getini na chai ya sukari vijiko vinne. Kama hamwezi kuondoa, viwekwe wakati wa chakula, kisha mdomo upumzike.

Usisubiri

Shavu limevimba na mtoto ana homa, jicho linaanza kufumba, uvimbe umeshuka shingoni, hawezi kumeza au kufungua mdomo: hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Usimwekee maji ya betri, ugoro wala mafuta ya taa kwenye tundu. Jino la kudumu limeng'oka kwa kuanguka: lishike sehemu ile inayoonekana mdomoni, usilisugue mzizi, litie kwenye maziwa, kimbia; ndani ya saa moja linaweza kurudishwa. La utoto halirudishwi.

Baada ya siku ya mkoba

Ndani ya wiki mbili soma matokeo kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na mapato na matumizi hadi senti ya mwisho: wangapi walizibwa, wangapi walipewa rufaa, wangapi kati yao walikwenda kweli. Ile ya mwisho ni lazima mtu aifuatilie nyumba kwa nyumba. Sisi kati ya watoto tisa waliopewa rufaa, watano tu walikuwa wamekwenda, na wawili hawakwenda kwa sababu baba aliiweka ile barua mfukoni mwa koti na koti lilikuwa shambani.

Baada ya miezi sita, rudini na tochi ileile na daftari lilelile. Angalieni waliozibwa kama saruji bado ipo, andikeni zilizodondoka, na mpelekeeni daktari wa wilaya ukurasa huo kabla ya Oktoba. Mwaka wa pili hatukumwomba mganga mfawidhi aweke kifungu. Tulimkuta ameshakiweka, robo ya kwanza, siku tatu badala ya mbili, na pembeni kwa kalamu ya risasi ameandika: "Mwalimu alete tochi."